Endesha baiskeli mtaani kwa afya, lakini iepuke Jogoo Road

UKISIMAMA kando ya Jogoo Road saa moja asubuhi siku ya kazi, utaona matatu zikipita hata penye njia ya waendao kwa miguu, makanga wakining'inia milangoni na bodaboda zikipenya kila mwanya. Ni nani mwenye akili timamu angethubutu kupanda baiskeli hapo eti anafanya mazoezi?

Hilo ndilo swali ambalo wakazi wengi wa Eastlands hujiuliza, na wakishajiuliza huiacha baiskeli ipate kutu barazani. Hata hivyo, ndugu msomaji, Jogoo Road si Eastlands yote. Nyuma ya barabara hizo kuu kuna vijia na barabara ndogo za mitaani ambazo asubuhi ya Jumapili huwa kimya, na ardhi yake ni tambarare. Mwenzako anayeishi upande wa magharibi wa jiji hupanda na kushuka vilima mpaka pumzi zimwishie. Wewe hapo Buruburu au Umoja huna mlima wa kupanda.

Kwa nini ujisumbue? Utafiti wa kitaifa uliofanywa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne nchini, wenye umri wa miaka 18 hadi 69, alikuwa na shinikizo la damu. La kutisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa. Ugonjwa huu hauna kelele. Mtu huketi kwenye matatu saa nzima akienda kazini, huketi ofisini au dukani kutwa, kisha huketi tena kwenye matatu akirudi nyumbani, na siku moja huanguka ghafla kwa kiharusi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 30 za baiskeli kwa siku tano zinatosha kufikia kiwango hicho. Isitoshe, baiskeli hubeba uzito wa mwili, kwa hivyo mtu mnene au mwenye magoti yanayouma huweza kuiendesha pale ambapo kukimbia kungemtesa.

Mnamo 2017, jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow kuhusu watu 263,450. Wale waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyokuwa chini kwa asilimia 41 ikilinganishwa na ya wale waliotumia gari au usafiri wa umma. Bila shaka uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kuwa ni baiskeli peke yake iliyowaokoa, lakini si jambo la kupuuzwa.

CHAGUA UPANDE WAKO

Kanuni ya kwanza ni hii: chagua upande mmoja wa barabara kuu na ubaki huko huko. Hatari kubwa iko pale unapovuka.

Kama ndiyo kwanza unaanza, Buruburu ni shule nzuri. Mtaa huo ulioanza kujengwa 1973 kwa awamu tano ulipangwa kwa vikundi vya nyumba vinavyoitwa "koti", na njia nyingi za ndani hazitokezi upande wa pili. Gari lisilo na shughuli na wakazi wa hapo halina sababu ya kuingia. Zunguka ndani ya awamu yako, ukiepuka Mumias South Road na Rabai Road ambako matatu hupita.

Ukishazoea, jaribu mitaa ya zamani iliyo upande wa kaskazini wa Jogoo Road, yaani Bahati, Maringo, Jerusalem na Jericho. Unaweza kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kwa barabara za ndani bila kuikanyaga Jogoo Road yenyewe. Wakazi wa Kaloleni na Mbotela, walio upande wa pili, nao wana vijia vyao. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilipangwa nyumba zake ziwe na nafasi wazi na miti kati yake, zikizunguka ukumbi wa kijamii. Kizunguke polepole kijiji hicho ndani ya jiji, ukiwapisha watoto wanaocheza na akina mama waliobeba maji.

Wa Umoja, Donholm na Komarock wafuate kanuni iyo hiyo: wabaki ndani ya mtaa na kuziachia matatu Moi Drive na Kangundo Road.

Na je, Outer Ring Road? Barabara hiyo ya kama kilomita 13, kutoka Thika Road karibu na GSU, ilipanuliwa na kutengewa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli kazi ilipokamilika 2018. Ni jambo la kusifiwa. Kinaya ni kwamba katika sehemu nyingi utakuta njia hiyo imegeuzwa soko, kituo cha bodaboda au mahali pa kuegesha magari. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya Machi 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini inatambua haki ya mwenye baiskeli, lakini sera iliyo kwenye karatasi haimsukumi mchuuzi kando. Itumie njia hiyo mapema Jumapili tu, ukiwa umeshazoea, na ukitaka kuvuka, shuka uisukume baiskeli kwenye daraja la waendao kwa miguu.

SAA NA HALI YA HEWA

Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekucha na watu wanaonekana, hadi saa mbili na nusu kabla waumini hawajajaa barabarani na matatu hazijaanza kugombania abiria. Usitoke gizani. Dereva hakuoni, na mwizi anakuona.

Kama unaishi karibu na jaa la Dandora na kuna moshi, siku hiyo ahirisha. Anayefanya mazoezi huvuta hewa nyingi kuliko aliyeketi, na moshi huo utaingia mapafuni pamoja nayo. Wakati wa mvua, jihadhari na udongo mweusi wa Eastlands ambao hunata kwenye tairi na kuteleza kama sabuni. Dimbwi nalo usiliamini, kwani huenda chini yake kuna shimo lisilo na kifuniko.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kabla ya kutoka, mpelekee fundi wa mtaani baiskeli yako akague breki, tairi na mnyororo. Si lazima iwe mpya. Hata ile Black Mamba ya baba itafaa mradi breki zishike. Rekebisha kiti hivi: ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kiti kilicho chini mno ndicho kinachoumiza magoti.

Vaa kofia ngumu na nguo za rangi inayong'aa. Endesha upande wa kushoto, pamoja na magari. Wengi hudhani ni salama kwenda kinyume ili waone gari linalokuja, kumbe mwendo wenu unajumlishwa mnapogongana. Matatu ikisimama mbele yako, kamwe usipite kati yake na ukingo wa barabara, kwani abiria atashukia juu yako. Magari yaliyoegeshwa nayo yaache kwa umbali wa kuweza kufungua mlango.

Wiki ya kwanza, endesha dakika 15 kwa siku tatu. Ongeza dakika tano kila wiki. Kipimo chako ni hiki: uweze kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba. Kama huwezi hata kuzungumza, punguza mwendo. Nendeni wawili au watatu, simu iwe mfukoni mwa ndani.

Aliye na ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, na amwone daktari kwanza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini asitoke bila peremende au sukari mfukoni, na mwenye pumu asiisahau dawa yake ya kuvuta. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida, simama papo hapo na utafute msaada.

Na usisubiri baiskeli ndipo upimwe presha. Nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, uandike kiwango chako, kisha upimwe tena baada ya miezi mitatu ya kuendesha. Kama unatumia dawa, usiziache kwa sababu unajisikia vyema. Daktari ndiye atakayeamua.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Jogoo Road waachie wenye haraka zao. Kesho kutwa wakiwa wamepanga foleni hospitalini, wewe uwe unazunguka mtaani kwako ukiwaamkia majirani.