Usimwite Mbadhirifu Kabla ya Kumjua



Katika majumba yetu yumo mke ambaye mshahara humwingia kwenye simu tarehe moja, na ifikapo tarehe kumi hajui ulikokwenda. Kodi ya nyumba imesahauliwa ilhali pesa zilikuwapo. Deni la duka halikumbuki kiasi chake. Na kabatini vimo vitambaa vitatu alivyovinunua kwa pupa, havijafika kwa fundi. Mume humwita mbadhirifu, naye hujilaumu usiku kucha.

Huenda ni israfu kweli. Lakini huenda pia ni hali ambayo madaktari huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoanza utotoni na kwa wengi huendelea hadi utu uzima. Kwa wasichana mara nyingi haitambuliwi, kwa kuwa wengi wao hawasumbui darasani; huketi kimya huku fikira ziko mbali. Mwenye hali hii huona taabu kushika mambo mengi akilini kwa wakati mmoja, huiona siku ya malipo kuwa mbali hata ikiwa ni kesho, na hununua kabla ya kufikiri. Tusimhukumu kuwa mvivu au dhaifu wa imani. Wa kuithibitisha hali hii ni daktari, si jirani.

Hata hivyo, udhuru huo haufuti deni. Haki ya mwenye duka ingali haki. Tuitazame aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inaamrisha deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, na inamtaja shahidi wa kumkumbusha mwenzake. Mola wetu hakuziacha haki za watu zitegemee kumbukumbu peke yake. Mafundisho haya yanatufaa sote, na mwenye hali hii yanamfaa zaidi.

Basi siku pesa ziingiapo, alipe kwanza kodi, karo na madeni. Kinachobaki ndicho cha kutumia. Pesa za sokoni azigawe katika bahasha nne, moja kwa kila wiki, apate kuona kwa macho zinavyopungua. Kitu kisicho cha dharura kilale usiku mmoja kabla ya kununuliwa. Mikopo ya simu aiepuke, kwani huchukuliwa kwa dakika moja na mingi imebeba riba. Kisha kila Ijumaa baada ya Alasiri, aketi dakika kumi na mtu amwaminiye, wasome pamoja taarifa ya M-Pesa na kuandika daftarini.

Mtu huyo akiwa ni mume, akumbuke kwamba mali ya mke ni ya mke kisheria. Kumsaidia kuhesabu hakumpi ruhusa ya kumnyang'anya simu, wala kikao cha daftari kisigeuzwe mahakama. Akumbushe kwa upole, mbali na masikio ya watoto na mawifi.

Na wiki ambayo bahasha zitavurugika, hesabu ianzwe upya Ijumaa inayofuata.

Wabillahi tawfiq.