Kwa nini uvimbe wa taya ukikwanguliwa hurudi

Mtu wa Sibwesa, kule Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, akivimba shavu hulishuku jino kwanza, na mara nyingi hakosei. Ila upo uvimbe mgumu usiouma, unaokua polepole mwaka hadi mwaka karibu na magego ya taya la chini. Meno hulegea, yakang'olewa moja baada ya jingine, na shavu halipungui. Hadi mgonjwa afike Mpanda, sembuse Muhimbili, uso umeshapinda.

Mara nyingi uvimbe huo ni ameloblastoma. Madaktari wa Muhimbili walipochunguza kwa miaka minne uvimbe utokanao na chembe za meno, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ndio ulioongoza kwa mbali. Ni nadra kusambaa mwilini kama saratani, lakini hula mfupa. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi, wakati mwingine baada ya miaka 10 na zaidi. Ndugu husema kisu ndicho kilichouchokoza. La hasha, ziko seli zilizoachwa nyuma.

Ili kuzielewa, mtazame panya. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, ndiyo maana hachoki kuguguna magunia. Mwaka 2012 watafiti wa Finland walionyesha kwamba kwenye shina la meno hayo kuna seli shina zenye protini iitwayo SOX2, na watoto wa seli hizo ndio wanaotengeneza enameli mpya. Protini hiyo hiyo ni mojawapo ya nne alizotumia Shinya Yamanaka wa Japani mwaka 2006 kuzirudisha seli za kawaida za panya katika hali ya uchanga. Sisi binadamu meno yetu yakishaota, utando ulioyazaa hukatika vipande vipande, lakini mabaki yake hubaki ndani ya taya na ufizi. Ameloblastoma hudhaniwa kuanzia humo.

Maabara huitafuta SOX2 hivi: kinyama kilichohifadhiwa kwenye formalini hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba vya takriban mikroni 4, kisha humwagiwa kingamwili inayoing'ang'ania protini hiyo peke yake. Penye protini panageuka rangi ya kahawia. Watafiti wa nchi mbalimbali wameiona kahawia hiyo kwenye ameloblastoma, pamoja na alama nyingine kama OCT4 na CD44, ingawa kiwango hutofautiana sana kati ya uvimbe mmoja na mwingine.

Je, mgonjwa wa Katavi alipie kipimo hicho? Kwa maoni yangu, hapana. Rangi za kawaida za waridi na zambarau zinatosha kuutambua uvimbe huu chini ya darubini, na SOX2 haibadilishi matibabu yake. Alama yenye faida ya moja kwa moja ni badiliko la jeni ya BRAF, lililotangazwa mwaka 2014, kwani zipo dawa zinazolilenga, japo bei yake haishikiki. Faida ya SOX2 ni somo lake: seli chache zenye uwezo wa kuzaa upya zikibaki zinatosha kuurudisha uvimbe. Ndiyo maana daktari bingwa huondoa pia sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima. Mgonjwa huona ukatili, lakini bila hivyo atarudi kitandani.

Kwa mtoto hesabu ni nyingine. Taya likivimba kwa wiki chache tu, huenda ni limfoma ya Burkitt, ile aliyoieleza Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Huo ni ugonjwa wa dharura, na hutibika kwa dawa.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: uvimbe usiopungua baada ya kung'oa jino, msing'oe la pili kabla ya picha ya eksirei ya taya. Na kinyama kikichukuliwa, kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake. Kikisafirishwa ndani ya maji ya chumvi kitaoza njiani, na hakuna maabara itakayokisoma.