Cheti cha Hesabu: Je, Champandisha Mtu Cheo?

Liko swali moja liulizwalo katika nyumba nyingi za Baraka na Fizi, jioni, chakula kikiisha kuliwa. Kijana amemaliza masomo ya sekondari upande wa biashara, na diploma ya Serikali anayo mkononi. Sasa asema ataka kuendelea mbele: si chuo tu, bali na mitihani ile ya uhasibu ambayo watu wa ng'ambo ya ziwa huiita CPA. Baba autazama mtumbwi wake na nyavu zake. Mama ayahesabu madumu yake ya mawese. Wote wawili wajiuliza moyoni: Tukiviuza hivi vyote, je, mtoto atapanda cheo kweli, au tutabaki na karatasi nzuri ukutani?

Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu pasipo kuficha neno. Wako wasemao kwamba cheti ndicho kila kitu. Wako wengine wasemao kwamba kazi hutolewa kwa kujuana tu, na cheti ni bure. Twaona kwamba hao wote hawajalitazama jambo lenyewe mpaka mwisho wake.

Sanduku lenye kufuli tatu

Tuanze kijijini. Wengi wetu twavijua vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana viitwavyo AVEC, ndugu wa likelemba ya zamani. Njia hiyo ilianza nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ikaenea Afrika nzima hata ikafika kwetu Kivu ya Kusini. Wanachama hukutana siku yao, kila mmoja hununua hisa zake, nazo fedha huhesabiwa mbele ya wote. Kisha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu mbalimbali. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa, na kila mtu hupata akiba yake pamoja na faida.

Sasa twauliza: katika kikundi hicho ni nani aliye na cheti cha uhasibu? Mara nyingi hakuna hata mmoja. Hata hivyo mama muuza ndagala huiweka akiba yake humo akalala usingizi. Kwa nini? Kwa sababu macho ya wanachama ndiyo mkaguzi. Fedha zi karibu na wenyewe, zahesabiwa mbele yao, na anayezishika hukaa jirani nao. Mahali kama hapo mtunza hazina hapandi cheo kwa karatasi. Hupanda kwa sababu miaka kwa miaka hesabu yake haijapungua hata faranga moja.

Macho yasipofika

Lakini fedha zikikaa mbali na mwenyewe, mambo yabadilika. Fikirini shirika la misaada linalofanya kazi Baraka: fedha zake zatolewa Ulaya au Marekani na watu ambao hawatauona kamwe mto Mutambala. Fikirini chama cha akiba na mikopo chenye maelfu ya wanachama, ambao hawawezi kukusanyika wote chini ya mwembe mmoja na kuzihesabu noti. Ndiyo sababu sheria ya Kongo ya tarehe 2 Februari 2002 ilivitaka vyama vya namna hiyo vipate kibali cha Benki Kuu. Hapo mwenye mali hawezi kuona kwa macho yake. Hana budi kuazima macho ya mtu mwingine. Basi, mhasibu na mkaguzi wa hesabu ndio macho yaliyoazimwa.

Kuandika hesabu kwa ufundi si jambo geni. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa Mfransisko jina lake Luca Pacioli alikipiga chapa kitabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, ili kosa lionekane upesi. Lakini ufundi ni kitu kimoja, na kuaminiwa na mtu asiyekujua ni kitu kingine. Hilo la pili ndilo lililowafanya wahasibu wa Edinburgh, katika Scotland, kujiunga katika chama kilichopata hati ya kifalme mwaka 1854. Kazi yao kubwa siku hizo ilikuwa kusimamia mali za watu waliofilisika. Na katika kazi hiyo, kila anayedai fedha ataka kujua kama msimamizi ni mtu wa kweli.

Angalieni sasa tofauti iliyopo kati ya diploma ya shule na cheti cha kazi. Diploma yasema kwamba siku fulani ulifaulu mtihani; kesho ukiiba, diploma hubaki ni yako. Mwenye cheti cha kazi jina lake limeandikwa katika daftari la wahasibu wa nchi, chini ya amri zao. Naye akisema uongo katika hesabu, jina lake laweza kufutwa. Thamani ya cheti hiki yatoka hapo hasa: kwamba mtu aweza kunyang'anywa.

Sheria zasemaje?

Tanzania ilitunga sheria ya kuwaandikisha wahasibu na wakaguzi mwaka 1972, ndipo ilipoanzishwa bodi iitwayo NBAA, inayotoa cheti cha CPA. Kenya ilikuwa na bodi yake ya mitihani, KASNEB, tangu mwaka 1969. Uganda iliunda taasisi yake mwaka 1992. Kwetu Kongo mambo yalikuja baadaye. Mwaka 2012 nchi yetu iliingia katika OHADA, umoja wa nchi 17 zilizokubaliana sheria moja ya biashara na hesabu; na sheria ya tarehe 12 Februari 2015 ikaunda ONEC, yaani chama cha taifa cha wahasibu wataalamu.

Katika sheria za OHADA, kampuni kubwa ya hisa haina ruhusa ya kukaa bila mkaguzi wa hesabu. Mahali kama hapo cheti si pambo, ni mlango. Karani asiye nacho aweza kuwa hodari kuliko bwana wake, lakini sahihi yake haitapokelewa. Atafika ngazi fulani na kusimama hapo.

Lakini sheria hizo hizo zina huruma kwa wadogo. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki faranga za CFA milioni 60 aruhusiwa kuandika hesabu nyepesi: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Maduka mengi ya Baraka ni ya namna hiyo. Mwenye duka kama hilo hatamwongezea karani mshahara kwa ajili ya cheti kikubwa. Amtaka mtu mwaminifu ajuaye kujumlisha.

Basi jibu letu ni hili: cheti champandisha mtu cheo mahali ambapo fedha zi mbali na mwenyewe. Mahali ambapo mwenyewe akaa karibu na fedha zake, cheti chasaidia kidogo tu.

Ziwa moja, sheria mbili

Jambo moja lawahusu hasa watu wa Fizi. Wengi wa vijana wetu walilelewa Tanzania, katika kambi kama Nyarugusu, nao wakarudi kwa meli hadi Baraka tangu mwaka 2005. Wengine wana ndugu Kigoma, na wajua kwamba cheti cha CPA chaheshimiwa huko. Lakini ziwa ni moja, sheria ni mbili. Tanzania haimo katika OHADA, na hesabu zake zafuata mpango mwingine. Tena hesabu za Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 2011 taasisi za uhasibu za Afrika ya Mashariki ziliafikiana kutambuana; Kongo haikuwamo, kwa kuwa iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kudhani kwamba cheti cha ng'ambo kitavuka ziwa chenyewe, kama mtumbwi usio na mpiga kasia.

Vivyo hivyo kuna cheti cha Kimarekani kiitwacho CFA, ambacho mitihani yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1963. Ni cha watu wanaoweka mali za wengine katika hisa za makampuni. Chasifiwa sana, na kwa haki. Lakini Fizi hakuna soko la hisa. Atakayekisoma ajue tangu mwanzo kwamba ajiandaa kuishi Nairobi au mbali zaidi.

Maswali matatu kabla ya kuuza mtumbwi

Twawasihi wazazi na vijana wajiulize maneno matatu.

La kwanza: Katika mahali atakapofanya kazi, ni nani anayekidai cheti hiki? Msiulize wanaouza masomo; someni matangazo ya kazi yaliyobandikwa milangoni mwa mashirika.

La pili: Je, sheria ya nchi hiyo yaipokea sahihi ya mwenye cheti hicho?

La tatu: Je, aweza kuanza kazi huku akisoma? Mitihani hii hufanywa kwa ngazi, na vyama vya wahasibu havimwandikishi mtu aliyefaulu mtihani peke yake. Vyataka pia miaka ya kazi chini ya mwalimu. Kijana aliye karani wa ghala leo, akifanya ngazi moja na kupumzika, kisha ngazi nyingine, huenda asimlazimishe baba yake kuuza chochote.

Wala msiwasahau mabinti. Mary Harris Smith wa London aliomba kupokewa na wahasibu wa Uingereza mwaka 1891, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akapokewa mwaka 1920. Huku kwetu akina mama wazishika funguo za masanduku ya AVEC. Binti aliyekua akimwona mama yake akihesabu mbele ya watu amekwisha kuanza somo la kwanza.

Nguvu ya kukataa

Hatutawadanganya. Cheti hakimzuii bwana kumpa kazi mpwa wake, wala hakimzuii mwizi kuiba. Lakini chatoa kitu kimoja ambacho wengi hawakifikiri: nguvu ya kukataa. Siku moja mkubwa atamwekea karani wake mezani stakabadhi ya mapipa ya mafuta ambayo hayakununuliwa kamwe, na kumwambia, "Tia sahihi." Karani asiye na kitu kingine ila kazi hiyo hutetemeka, kwa maana watoto wake wala kwa kazi hiyo. Mwenye cheti naye aweza kutetemeka, lakini anayo neno la kujibu: "Nikitia sahihi, Bwana, jina langu litafutwa katika daftari." Na akifukuzwa, cheti chake chatoka pamoja naye mlangoni, naye aweza kubisha hodi kwingine.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari bila mtu mwaminifu hupoteza mali kwa habari zilizoandikwa vizuri. Kwa hiyo, baba, kabla hujauza mtumbwi, mpe mtoto wako daftari moja, na umkabidhi hesabu za nyumba yako kwa miezi sita: samaki, sabuni, karo, dawa. Mwisho wa miezi hiyo ihesabuni fedha iliyobaki, ninyi wawili pamoja. Hesabu ikilingana, keti naye, mzungumze habari ya mitihani.