Figo zikivimba: mti upi unasaidia, upi unaharibu

Juma hili tunazungumza juu ya figo, au mafigo kama wengi wetu tunavyosema. Katika vikundi vyetu swali linarudi kila mara: sokoni kuna mizizi, magome na unga wa manjano, na muuzaji anasema vinaosha figo na kuondoa uvimbe. Je, tumpe mtoto? Je, mwenye mimba anaweza kunywa?

Kwamba miti ina nguvu, si uongo. Manjano ina kitu kinachoitwa kurkumini, ndicho kinachoipa rangi yake. Katika maabara kinatuliza uvimbe, na panya wenye figo zilizoharibika walipata nafuu walipopewa. Lakini panya si mtu. Tukila kurkumini, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka bila kuingia katika damu. Huko Kanada watu zaidi ya 500 wenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu walijaribiwa: wengine walipewa kurkumini iliyotengenezwa ili iingie mwilini vizuri zaidi, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi sita, figo za waliopewa hazikuwa nzuri kuliko za wenzao. Basi kijiko cha manjano katika sufuria ya maharagi, tuendelee nacho, kinaleta ladha. Vijiko vingi kila siku kama dawa, hapana. Manjano ina oksalati, na oksalati ikizidi inaganda ndani ya figo na kuziumiza.

Kuna habari ya wanawake wenzetu wa Ubelgiji ambayo kila mama angefaa kuijua. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels waliona jambo la ajabu: wanawake ambao bado hawajazeeka walikuwa wanakuja hospitali figo zimekufa. Walipoulizwa, ikaonekana wote walipita katika kliniki moja ya kupunguza unene, na huko walipewa vidonge vyenye miti ya Kichina. Mti mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, wa ukoo wa Aristolochia. Ndani yake mna asidi inayokausha figo polepole, bila maumivu, mpaka zinakuwa ngumu kama kovu. Habari ilitangazwa mwaka 1993. Baadaye walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 100, wengi wakahitaji mashine ya kusafisha damu au figo ya mtu mwingine, na wengine wakapata kansa ya njia ya mkojo. Hakuna aliyetaka kuwaua. Walimeza unga ambao hawakuweza kuutambua kwa macho. Nasi tukinunua unga wa kahawia katika kifuko, tunautambua kwa nini? Mimea ya ukoo huo inaota pia katika Afrika.

Turudi nyumbani kwa watoto. Mara nyingi uvimbe wa figo wa mtoto unaanzia mbali na figo: koo linalouma, au vidonda vya ngozi na upele uliokunwa mpaka ukatoa usaha. Wiki moja hadi tatu baada ya koo, au wiki tatu hadi sita baada ya vidonda, mama anaona asubuhi macho ya mtoto yamevimba, mkojo ni kidogo na rangi yake ni kama chai nzito. Watoto wengi wanapona kabisa wakifuatwa vizuri, hasa wakipimwa presha na kupunguziwa chumvi. Hatari inakuja siku zinapopotea nyumbani. Hatari zaidi ni kumwingizia mtoto maji ya miti kwa njia ya haja kubwa. Anaharisha, maji ya mwili yanamwisha, na dawa isiyojulikana kipimo chake inafika kwenye figo ambazo tayari zinaumwa. Tunajua bibi zetu walifanya hivyo, na tunawaheshimu, lakini kwa mtoto aliyevimba tunasema wazi: isifanyike. Na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyouzwa ovyo, navyo vinaumiza figo dhaifu.

Kwa mwenye mimba, kuanzia wiki ya 20, uso na mikono kuvimba, kichwa kuuma sana, macho kuona nyotanyota: hiyo si kazi ya mzizi wala ya majani. Ni kwenda siku hiyohiyo kupimwa presha na mkojo. Karatasi ndogo inayochovywa katika mkojo inaonyesha kama protini inapotea. Tuiombe kila siku ya CPN, hata kama hatujisikii vibaya. Na kama tumekunywa dawa ya kienyeji, tumwambie muuguzi bila haya. Tumpelekee jani lenyewe kama lipo.

Kuna kiazi kimoja kinachostahili sifa. Watoto wengine wanapoteza protini nyingi katika mkojo na kuvimba mwili mzima; hao wanatibiwa kwa prednisoloni. Dawa za ukoo huo, tangu miaka ya 1950, kwa muda mrefu zilitengenezwa kutokana na kiazi kikuu cha porini cha Mexico. Lakini kula kiazi hicho hakutibu kitu: kile kilichomo kinapitia hatua nyingi kiwandani, hata kuvu wanatumiwa kukigeuza, kabla hakijawa dawa yenye kipimo. Mtoto aliyeandikiwa prednisoloni asiongezewe mti mwingine bila daktari kujua. Wala asiachishwe ghafla kwa sababu uvimbe umepungua: dozi inashushwa polepole, kwa wiki nyingi, huku mkojo ukipimwa tena na tena.