Baridi ya Njombe na theluji ya Hakuba

Mgeni akishuka stendi ya Makambako, mkoani Njombe, alfajiri ya Julai, upepo ukampiga kifuani kabla hajapokea hata begi lake, kuna mzaha hawezi kuukwepa: hapa imebaki theluji tu. Wauza chai wanaurudia kila mwaka na kila mwaka unachekwa. Wenye ndugu Ulaya huunogesha zaidi. Ikianguka siku moja tu, wanasema, ule mchezo wa kuteleza kwa skii tutauchukua sisi, maana baridi tumeizoea, vilima tunavyo, na pumzi ya mtu wa Njombe si pumzi ya mtu wa Dar.

Mzaha ni mzaha, lakini unajibika, tena mara mbili. Jibu la kwanza ni la hali ya hewa. Theluji inataka baridi na unyevu vikutane, na kwetu viwili hivyo hupishana. Mvua inanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, katika miezi ya ulanzi, wakati joto lipo. Baridi yenyewe inaingia Juni, anga limetakata na udongo umekauka. Usiku usio na wingu, joto la ardhi linapotelea juu, hewa nzito ya baridi inateremka mabondeni, na asubuhi mwenye kinyungu cha bondeni anakuta majani ya viazi yameungua kwa sakitu ilhali shamba la jirani yake kule juu halikuguswa. Hata Kitulo, kwenye mita 2,600 na ushei, tunachopata ni sakitu. Theluji ya kuanguka na kukaa, katika sehemu hii ya dunia, inataka mtu apande hadi karibu mita 5,000, na kwa Tanzania hapo tunazungumzia Kilimanjaro. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda huko na skii zao. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler bado ipo karibu na kilele, lakini imepungua sana.

Jibu la pili ni mtu, anaitwa Philip Boit.

Boit ni Mkenya wa Eldoret, na Eldoret ni mji ambao mtu wa Njombe angeuelewa upesi. Miji yote miwili iko kwenye mita 2,000 hivi, asubuhi watu wanavaa masweta, na mashambani watoto wanakwenda shule kwa miguu kwenye njia za vilima. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyeipatia Kenya shaba ya mbio hizo Munich mwaka 1972. Mwaka 1996, akiwa na miaka 24, kampuni ya Nike ilimchukua yeye na mwenzake Henry Bitok, ikawapeleka Finland kujifunza skii za masafa. Hesabu ya kampuni ilikuwa ileile ya wauza chai wa Makambako: Wakenya wana mapafu, wana miguu, wana subira ya masafa marefu, wape skii na miaka miwili, tuone. Waliosema ni tangazo la biashara hawakukosea. Lakini aliyeanguka kwenye theluji kila siku alikuwa Boit, wala si tangazo.

Hapa inafaa kueleza mchezo wenyewe, kwa sababu kwenye televisheni unaonekana mwepesi. Skii za masafa ni nyembamba na ndefu kuliko anayezivaa. Kiatu kinafungwa kwenye ncha ya vidole tu, kisigino kinabaki huru, tofauti na skii za kushukia milima ambazo zinaubana mguu mzima. Kwa mtindo wa zamani, mwendeshaji anapita ndani ya mifereji miwili iliyochorwa na mashine kwenye theluji. Skii imepindwa kidogo katikati, kama upinde. Ukiteleza umegawa uzito kwenye miguu yote, sehemu ile ya katikati inakaa juu, haigusi. Ukihamishia uzito wote mguu mmoja na kukanyaga, inashuka, na nta iliyopakwa hapo inaishika theluji kwa muda usiofika sekunde moja. Ndiyo inayokupa pa kujisukumia. Ukikosea wakati wa kukanyaga, mguu unarudi nyuma na wewe unabaki ulipo.

Kila mtu wa huku amewahi kushuka kilima cha udongo mwekundu mvua ikinyesha, amebeba mzigo. Tunajua la kufanya: kukaza magoti, kukita visigino, kwenda hatua fupifupi. Kwenye skii, mambo hayo matatu ndiyo yanayomwangusha mtu. Inabidi kulegeza goti, kuegemea mbele, na kuutupa mwili mzima juu ya mguu ambao tayari unateleza, kisha kukaa juu yake, ukipumzika, mpaka mwendo uanze kuisha. Hilo la kupumzika juu ya kitu kinachokukimbia ndilo gumu kuliko yote, na mapafu hayalisaidii. Mkimbiaji, kwa kweli, ana hasara fulani. Mwili wake umezoea kwamba mguu ukitua, umetua. Juu ya hapo, uzuri wa mkimbiaji wa Bonde la Ufa ni wepesi wa mikono na kifua, kwani mwili mwembamba haumchoshi njiani; mwenye skii naye anahitaji mabega na mgongo, kwa sababu sehemu kubwa ya safari anajivuta kwa magongo mawili.

Nta nayo ni elimu yake. Inachaguliwa kwa kipimo cha baridi ya siku hiyo na umri wa theluji, na mafundi wa timu kubwa wanashinda chumbani wakiipima. Siku mbaya kabisa ni ile ambayo joto linacheza kwenye sifuri na theluji ni chepechepe, kwa kuwa nta inayoshika inaweza kushika mno, na theluji ikaganda chini ya skii kwa mabonge.

Tarehe 12 Februari 1998, kule Hakuba, kwenye Olimpiki ya Nagano, ilikuwa siku ya namna hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha. Mbio zilikuwa kilomita 10 kwa mtindo wa zamani, na Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Miezi sita kabla ya hapo, Agosti 1997 mjini Brussels, Mkenya mwenzake Paul Tergat alikuwa amekimbia umbali uleule uwanjani kwa dakika 26 na sekunde 27, rekodi ya dunia wakati huo. Mtu anayetaka kujua skii inamfanyia nini mwanagenzi na aziweke hesabu hizo mbili pamoja. Ni kweli kwamba theluji ile ilikuwa na vilima na uwanja wa Brussels ni tambarare. Lakini mshindi wa Hakuba alipita vilima hivyohivyo na hakuachwa na Tergat hata dakika moja.

Kilichofuata ndicho dunia inachokikumbuka. Dæhlie alikataa kwenda kuvishwa medali mpaka yule wa mwisho afike. Akamsubiri kwenye mstari, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Ni hadithi nzuri na imesimuliwa mpaka imechakaa, na mimi nina ugomvi nayo kidogo: inamwacha Boit pale mstarini, amekumbatiwa, kana kwamba kazi yake ilikuwa kufika mwisho na kupendwa.

Ukweli ni kwamba hakukoma. Ni kazi ngumu kuutunza mchezo wa theluji katika nchi ambayo theluji yake iko kileleni mwa Mlima Kenya. Wachezaji wa mchezo huu, hata wa Norway, wakati wa kiangazi hutumia skii fupi zenye magurudumu kwenye lami. (Msomaji wa Makambako aliyeanza kupata wazo na atazame kwanza malori ya Zambia yanavyopita njia panda; njia za misitu ya misonobari na miwati kule Kibena ni salama zaidi, ila zina vumbi na kokoto, na magurudumu hayo hayavipendi.) Boit alirudi Salt Lake City mwaka 2002, akarudi Turin mwaka 2006.

Turin ndipo pa kutazama kwa makini. Katika kilomita 15 walishindana watu wawili wa Afrika Mashariki. Mmoja alikuwa Boit, na safari hii hakuwa wa mwisho. Mwingine alikuwa Robel Teklemariam, aliyezaliwa Addis Ababa, Mwethiopia wa kwanza katika Olimpiki ya baridi, naye alimaliza wa 83, mbele ya Boit. Teklemariam hakuwahi kuwa mkimbiaji wa kutisha. Alifika Marekani akiwa mtoto, akakulia Lake Placid, mji wa theluji katika jimbo la New York, akateleza shuleni na chuoni. Mwaka 2018, Pyeongchang, Kenya ilipata mwakilishi mwingine, Sabrina Simader, safari hii katika skii za kushuka mlima. Yeye alizaliwa Kenya, akalelewa Austria tangu utotoni.

Kwa hiyo wauza chai wetu wamekosea kuhusu baridi na kuhusu pumzi, ila si kuhusu watu: watu wa huku wanauweza mchezo huu, wakiuanza mapema. Tanzania haikuwahi kupeleka mchezaji kwenye Olimpiki ya majira ya baridi hadi ile ya Beijing mwaka 2022, na pengine wa kwanza atakuwa mtoto wa Kitanzania anayekua sasa hivi Oslo au Minnesota, ambaye saa hizi anaanguka na kuinuka kwenye njia ya nyuma ya shule yao, akiwa na umri ambao kuanguka hakuumi sana. Itakuwa furaha. Hata hivyo haitakuwa kitu kilekile na mtu mzima kuanza akiwa na miaka 24, akiwa tayari ana mchezo mwingine aliokuwa akiuweza.

Boit hakufuzu Vancouver mwaka 2010. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia yalifanyika Oslo, nchini kwa Dæhlie, mbele ya umati wa Wanorway ambao huupenda mchezo huu kama sisi tunavyoupenda mpira. Boit alikuwa na miaka 39. Alivaa skii, akaingia mferejini, akashindana.