Vipimo vya Fuvu la Kondoo: Yanayopimika na Yasiyopimika

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu wanavyolinganisha mafuvu ya kondoo wa aina mbalimbali, na kubainisha mipaka ya ulinganisho huo. Yamkini msomaji atauliza: fuvu la kondoo lina uhusiano gani na mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu letu ni kwamba lugha isiyoweza kulieleza fuvu la mnyama tunayemfuga na kumchinja haiwezi kudai nafasi katika sayansi.

Tuanze na istilahi. Kondoo wote wa kufugwa ni spishi moja, iliyoanza kufugwa Asia ya Kusini Magharibi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. 'Aina' tunayoizungumzia hapa ni tawi la spishi hiyo, lililojitokeza kutokana na mazingira na uteuzi wa wafugaji. Kwa hivyo, tofauti za mafuvu baina ya aina ni za kiasi tu.

Upimaji hufanywa kwa kalipa. Urefu wa fuvu huchukuliwa kutoka ncha ya taya la juu, ambayo katika kondoo haina meno ya mbele, hadi kisogoni. Upana hupimwa baina ya mifupa ya mashavu. Aidha, hupimwa matundu ya macho, mfupa wa pua na safu ya magego. Mnamo 1976, Angela von den Driesch alichapisha mwongozo uliobainisha nukta za kupimia mifupa ya wanyama, ili vipimo vya mtafiti mmoja viweze kulinganishwa na vya mwingine.

Hata hivyo, vipimo pekee havitoshi. Tuchukulie kwamba fuvu moja lina urefu wa sentimita 24 na upana wa 12, na jingine lina 20 kwa 10. La kwanza ni kubwa zaidi, lakini tukigawanya upana kwa urefu na kuzidisha kwa 100, yote mawili yanatoa fahirisi ya 50. Yametofautiana kwa ukubwa, si kwa umbo. Fuvu la tatu lenye 20 kwa 11 lina fahirisi ya 55. Hilo ndilo lenye umbo tofauti.

Isitoshe, fuvu hubadilika kwa umri, jinsia, lishe na pembe. Anayelinganisha dume mzee wa aina moja na jike mchanga wa aina nyingine hajalinganisha aina. Amelinganisha umri na jinsia. Sharti basi awe na mafuvu mengi ya rika na jinsia moja, kwani fuvu moja haliwakilishi kundi zima.

Hapa Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Dorper ni kondoo aliyezalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Persian mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni kondoo wa Kisomali. Wafugaji wengi walimpenda kwa kuwa hukua upesi na ana nyama nyingi, wakawapandisha madume wake kwa majike wekundu wa Kimaasai. Matokeo yake ni kwamba kondoo halisi wa Kimaasai wamepungua. Ilhali utafiti uliofanywa katika pwani ya Kenya miaka ya 1990 ulidhihirisha kwamba kondoo huyu mwekundu huwahimili minyoo wa tumboni kuliko Dorper. Wahenga hawakukosea waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, kalipa ingeuona uhimilivu huo? La hasha. Fuvu huweza kutuonyesha umbo na, pamoja na ushahidi mwingine, athari ya uchanganyaji. Halituambii mnyama ana kinga gani mwilini. Waama, kipimo ni jibu la swali moja mahususi. Mtafiti anayekitumia kujibu swali jingine, hasa swali la mnyama yupi ni bora, atakuwa amepima sahihi na kuhukumu vibaya. Nasi tunaounda istilahi hatuna budi kutenganisha maneno hayo mawili, 'tofauti' na 'bora', kwani kuyachanganya kumekwisha kutugharimu mifugo.