Mimea ya Kudumu Nyumbani: Tujiandae na Masika



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika makala haya tutaeleza namna ya kupanda mimea ya kudumu kuzunguka nyumba zetu hapa Holili. Mimea ya kudumu ni ile isiyokufa baada ya mavuno ya msimu mmoja, kama mwembe, mpapai, mlonge, mkunazi na mchaichai. Mahindi na maharage tunayapanda upya kila mwaka, lakini mwembe ukishika unaweza kuwalisha wajukuu. Tatizo letu si kupanda. Kila masika watu wanapanda, na kila mwezi wa Septemba ukipita mitaani unaona vijiti vikavu mahali palipokuwa na miche.

Fadhila za kupanda tunazijua. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka. Tuangalie vizuri maana yake: sadaka hiyo inatoka kwenye mti ulioishi mpaka ukaliwa. Kwa hiyo kuutunza mche nako ni sehemu ya jambo hili, wala si kazi ya ziada.

Wengi wetu tuna babu na bibi huko juu, Mkuu au upande wa Marangu, na tukienda kuwasalimu tunaona kihamba: migomba, kahawa chini yake, magimbi, viazi vikuu, na juu kabisa mringaringa na mruka inayotoa kivuli. Kihamba ni elimu kubwa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa mifumo ya kilimo yenye urithi wa kulindwa duniani. Lakini kihamba kinaishi kwa mvua za mlimani na maji ya mifongo. Huku chini wazee walikuita shamba, mahali pa kulima mahindi, kwa sababu walijua mgomba utateseka. Mtu anayeteremka na machipukizi ya migomba kutoka kwa bibi yake na kuyapanda Holili bila maji anaiga sura ya kihamba na kuacha akili yake. Akili ya kihamba ni kupanda kinacholingana na mahali, na kupanda kirefu na kifupi pamoja ili kimoja kimkinge mwenzake na jua.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mvua za masika kwetu ni Machi hadi Mei, na za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati yake, kuanzia Juni, kuna miezi minne ya ukame. Mche unaopandwa mwishoni mwa Mei unaingia ukame ukiwa bado hauna mizizi ya kutosha. Kwa hiyo shimo lichimbwe Januari au Februari, ardhi ikiwa bado kavu. Upana sentimita 60, kina sentimita 60. Udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine, kisha changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza, urudishe shimoni na usubiri. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mvua zikishalowesha ardhi vizuri, panda jioni, uchane mfuko wa plastiki wote na kuutoa.

Hapa tuseme jambo moja kuhusu kalenda. Mwaka wetu wa Hijria ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, hivyo huwezi kusema "tutapanda baada ya Idd" kila mwaka. Mwaka 2024 na 2025 Ramadhani iliingia mwezi Machi, wakati wa kupanda hasa. Wazee wa pwani walilitambua hilo, wakawa na hesabu ya Nairuzi ya siku 365 kwa ajili ya kilimo na safari za baharini, huku ibada zikifuata mwezi.

Ni mimea gani basi? Mlonge na mbaazi haina shida. Mbaazi ukiikata baada ya mavuno huchipua tena na kurutubisha udongo. Mpapai panda miche mitatu kwenye shimo moja, ikitoa maua ng'oa ile ya dume na ubakize jike moja. Mchaichai gawa shina la zamani mvua zinapoanza. (Mwezi wa Ramadhani kila nyumba inautaka kwenye chai, lakini wenye shina lake ni wawili watatu, nao hawapumziki kwa watoto wanaotumwa.) Mwembe wa kubebeshwa huzaa mapema kuliko wa kokwa.

Mti tunaousisitiza zaidi ni mkunazi. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na binti yake aliwaamuru wanawake wamwoshe kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Hadithi hii ya Ummu Atiyya (R.A.) imo katika Bukhari na Muslim. Mara ngapi tumefiwa, maiti iko ndani, na vijana wanatumwa huku na huko kutafuta majani? Na huu ni mti wa nchi kavu, unaovumilia jua letu. Kokwa lake ni gumu, hivyo ligonge taratibu lipasuke bila kuumiza mbegu, kisha lipande palepale mti utakapokaa, maana mzizi wake mkuu hushuka chini mapema na haupendi kuhamishwa. Una miiba, usiuweke njiani. Ukame ukizidi hupukutisha majani, kwa hiyo vuna majani mwezi Juni, anika kivulini, twanga, hifadhi kwenye chombo kikavu. Familia tano zikiwa na mkunazi mmoja mmoja, mtaa hautahangaika tena.

Ama kuhusu maji ya kiangazi, wengi wanasema hayatoshi hata ya kunywa. Ni kweli, lakini tuangalie maji ya udhu. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ni twahara ila hayatwaharishi, yaani huwezi kuyatawadhia tena. Mti hauna sharti hilo! Na hayana sabuni. Tuseme wanafunzi 40 wanatawadha kwa lita mbili kila mmoja: hizo ni lita 80 zinazoishia mtaroni. Mche mchanga unatosheka na lita tano mara mbili kwa wiki. Pamoja na hayo tusifanye mti kuwa kisingizio cha israfu, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, ambayo haifiki lita moja. Nyumbani tawadhieni juu ya beseni, mmwagie mche.

Mzunguko wa shina utengenezwe kama kisahani ili maji yasikimbie, na juu yake tandaza nyasi kavu au mabua kwa unene wa kiganja. Matandazo yasiguse shina, maana mchwa wa hapa hawachelewi. Zungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi, na wa jirani pia, kwani mbuzi haulizi mti ni wa nani.

Mwanafunzi mwenye kokwa za kunazi nyumbani kwao azilete madrasa kabla ya mwisho wa Februari, tuzigonge pamoja na kugawana.